Nusu ya Mjane wa Antwerp

Gatsata, Kigali

Kwa Dada yangu Leila,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba joto la Mwanza limepungua. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia, na cherehani yake haijanyamaza tangu Idi, kwa kuwa harusi zimefuatana.

Tangu uondoke, nyumba nzima inazungumzia ile barua uliyokuja nayo, yenye sahihi ya mjane Cornélie Vanhoeck, wa ile familia iliyokuwa na benki Antwerp, Ubelgiji, zamani. Mama amewaeleza majirani wote. Mjomba Bizimana bado anauliza kama sahihi ile inaweza kutoa pesa benki. Juzi Mama alinikuta nikipanga karatasi zangu, akasema Leila akinunua kitu mtu anaona kimenunuliwa, lakini mimi eti naokota makaratasi tu.

Lakini Dada, ni mimi niliyeanza. Nilikuwa bado chuoni nilipoanza kukusanya barua za zamani za familia kama ile, nikijinyima chakula cha mchana ili ninunue mtandaoni karatasi ambazo wenye fedha hawazitaki kwa sababu hazina sahihi. Ulinicheka, ukaniita karani wa wafu. Halafu ukapata mshahara mzuri, ukaanza kununua zenye sahihi. Kifaransa husomi. Unanunua majina.

Siku ile ya Idi uliniruhusu niishike barua yako, ukanionya nisiiguse kwa mikono ya sambusa. Nikaenda kunawa. Niliporudi ulikuwa unawasimulia wageni jinsi mjane yule alivyomfukuza mkwewe mlevi, maana mwenzako mmoja kazini alikutafsiria: hatalala tena chini ya paa langu, ameniaibisha mbele ya wageni, mpelekeni shambani. Shangazi alipiga vigelegele. Mama alifuta machozi, akasema mwanamke ni huyo. Mjomba alipouliza mbona barua haina salamu, ulimjibu kwamba matajiri hawana muda wa salamu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeishika, natazama ukingo wake wa kushoto. Watu wa zamani walikunja karatasi moja kubwa, wakaandika pande zote. Wauzaji wengine huichana penye mkunjo ili wauze ghali ile nusu yenye jina. Ya kwako imechanwa hivyo, na karibu na kona ya juu ina tundu la mdudu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Nusu ya kwanza ninayo mimi, imo ndani ya droo yangu tangu mwaka juzi. Tundu ni lilelile, mwandiko ni uleule, na sentensi inayokatika kwangu inaendelea kwako. Salamu ziko kwangu, ndefu kama za Mama. Na aliyefukuzwa, ambaye kwako hatajwi jina, si mkwe. Ni mbwa, jina lake Hector, aliyeiba bata wa wageni mezani.

Ningeweza kusema palepale. Nilinyamaza, na usidhani ni wema. Wewe umesimama katikati ya sebule, watu wote wanakutazama, nami nina kitu usichokijua. Niliona raha, nikataka idumu. Haikudumu. Kila nikitoa ukurasa wangu wivu unaanza upya, maana ukurasa huo unaishia bila jina.

Shemeji ameniambia kwa simu kwamba unataka kuibandika barua yako kwa gundi kwenye fremu. Nakuomba usiibandike. Nimejaribu kuandika hapa kwamba nakutumia nusu yangu, nikaifuta sentensi hiyo, nikaiandika tena, nikaifuta. Siwezi. Njoo wewe na yako. Nitaziunganisha, nitaisoma barua nzima mbele ya Mama, pamoja na habari za yule mbwa, halafu itabaki hapa, kwangu. Ukikataa sitakulaumu. Mimi ningekataa.

Nisalimie shemeji sana, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mama anasema usisahau kumletea kile kitenge cha kijani. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Uwamahoro