Gambuti za Chai Baharini

Magwagwa, Nyamira
14 Septemba 2025

Kwamboka binti yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, baba yako mzima, ng'ombe amezaa dume. Wewe je? Joto la Kilifi limekuachia mwili au limekuyeyusha?

Barua yako niliisoma Sabato baada ya ibada, kina mama wote wamekaa nyasini. Hapo pa "siku hizi niko upande wa kayaki" nilisoma mara mbili. Mama Ogari akauliza hiyo kayaki ni nini. Nikamwambia, "Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, mtu anakaa ndani akipiga kafi, na nahodha ni binti yangu." Akabaki kung'oa nyasi! Huyo ambaye mtoto wake yuko Nairobi na hatupumziki kusikia habari zake. Kwa hivyo usichoke kuandika. Simu ninayo, lakini simu haisomwi mbele ya watu.

Sasa habari kubwa. Kikundi chetu, watu kumi na mmoja, tunakuja huko Desemba. Mzee wa kanisa Zachariah atatuongoza. Nimewaahidi utatupeleka sote baharini, mbali kabisa, mpaka nchi isionekane. Hakuna anayejua kuogelea, lakini si wewe upo?

Nimekutumia kwa basi unga wa wimbi na gambuti mpya, vile viatu virefu vya mpira tunavyovaa kuchuma chai. Hapa umande tu wa shambani unaleta kikohozi, sembuse bahari nzima. Zivae.

Mama yako, kifua mbele,
Mama Kwamboka


Kilifi
5 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na baba pia. Mimi ni mzima, na kwa nini nasema hivyo utaona. Unga ulifika, uji nakunywa kila asubuhi. Lakini hii barua usiwasomee kikundi. Isome jikoni, peke yako.

Mama, mimi si nahodha. Upande wa kayaki nilianza Julai, na kazi yangu ni kuziosha na kujifunza. Hilo sikuliandika kwa sababu nilijua utasoma mbele ya watu.

Gambuti nilizivaa. Jumanne mwalimu wetu wa kayaki alikuwa na wageni, nikachukua kayaki nikatoka peke yangu kwenye mkono wa bahari hapa Kilifi. Maji yalikuwa yametulia kama bwawa la samaki la jirani zetu kina Masese. Sikujua yanapwa. Yakipwa, yote yanarudi baharini na wewe juu yake. Nilipogeuka kurudi nilipiga kafi kwa nguvu kuelekea nyumba moja ya bati ufukweni, na ile nyumba inazidi kuwa ndogo. Nikaogopa, nikageuka vibaya, kayaki ikapinduka.

Gambuti zikajaa maji. Jaketi la kuelea linanivuta juu, gambuti zinanivuta chini, katikati ni mimi. Moja niliivua kwa mguu mwingine. Ya pili iligoma kabisa kutoka, nikameza maji. Nilishikilia kayaki nikapuliza filimbi ya jaketi, mwalimu akasikia akaja na mashua ya injini.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani alijua umetoka?"

Siwezi kuwapeleka, mama. Waambie. Na gambuti moja ilizama, nisamehe.

Binti yako,
Kwamboka


Magwagwa
19 Oktoba 2025

Kwamboka,

Hatujambo. Ndama pia hajambo.

Barua niliisoma jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika na sikuona. Nilimshukuru Mungu, halafu nikakasirika. Kwa nini ulizivaa? Najua, ni mimi nilisema uzivae. Usinijibu hapo.

Lakini watu nimeshawaambia! Mama Ogari ameshanunua kofia pana kama ungo. Zachariah ameombea safari mbele ya kanisa zima. Nikisimama nitasema nini? Kwani huwezi kutuzungusha kidogo, karibu karibu, halafu tukirudi tuseme tulienda mbali? Jaketi si zipo? Mfikirie mama yako.

Mama


Kilifi
26 Oktoba 2025

Mama,

Habari za siku, na za maziwa? Najua nimekuumiza. Nimekufikiria sana, nimekufikiria ndani ya yale maji na sweta lako zito. Jibu ni hapana. Jaketi linakuweka juu, halikurudishi nyumbani.

Njooni. Lakini mtafanya vile wanafunzi wote wanafanya: maji ya kiunoni, unapinduliwa mara tatu, unatoka mwenyewe. Mwalimu atakuwepo. Asiyetaka atakaa mchangani na soda yake. Kama ni aibu, sema mimi ndiye niliyekataa.

Binti yako,
Kwamboka


Magwagwa
4 Januari 2026

Kwamboka wangu,

Tulifika salama. Mgongo bado unalalamika kwa ajili ya basi, na chumvi bado iko masikioni. Wewe u mzima? Mwalimu wako je? Msalimie sana.

Nikwambie kitu ambacho sikusema pale ufukweni. Nilipoingia kayaki nilikuwa nimenuna. Maji ya kiunoni! Hata Mama Ogari alinichokoza, "Mama nahodha, hii bahari si ni beseni?" Halafu ukanipindua. Mwanangu, sikujua juu ni wapi. Miguu ninayo miwili, mchanga uko hapo hapo, na nilisahau kusimama. Ulinishika kwapa ukasema, "Mama, simama tu." Nikasimama. Mara ya pili nilitoka mwenyewe. Baada ya ya tatu nilidai ya nne. Na Zachariah, aliyepakiwa kayaki moja na Mama Ogari, si aliibuka akilia, "Nimeshika mwamba!" Mama Ogari akamjibu, "Huo ni mguu wangu, mzee, uachilie."

Jana Sabato, waliobaki nyumbani walitaka habari. Nikatoa ile barua yako ya jikoni. Nisamehe. Nilisoma yote, na hapo pa "mimi si nahodha" nilisoma mara mbili. Mama Ogari akasema, "Kumbe ungetupeleka tuzame." Nikamwambia, "Mimi ndiyo, ningewapeleka. Binti yangu ndiye alikataa. Wako wa Nairobi amewahi kukataa nini?" Walicheka mpaka na yeye akacheka.

Ile gambuti moja niliyorudi nayo nimeiweka sebuleni, kando ya picha yako ya kumaliza shule. Mgeni akiuliza, namwambia akae chini kwanza.

Na simu nimeipatia kazi. Kabla hujaingia majini, nibipu. Ukitoka, nibipu tena. Namba ya mwalimu ninayo, nilimwomba siku ile. Akikuuliza tena nani alijua umetoka, mwambie ni mama yako, yuko Magwagwa, simu iko kwenye aproni ya chai.

Mama Kwamboka,
aliyepinduka mara nne