Lango Ulilotufungia

Jamhuri, Nairobi

Ivyne mjukuu wangu,

Sisi tupo. Sukuma wiki imekauka, maji yanakuja Jumatano tu.

Bado sijasahau ulivyotuaibisha kwenye hiyo hifadhi yenu ya bahari. Nilileta basi zima la akina mama wa kanisa, nikajisifu kwamba lango ni la mjukuu wangu, halafu wewe na yunifomu yako unasema, "Kukhu, watu wa leo wametosha. Matumbawe yakikanyagwa hivi yanakufa." Mgeni kufukuzwa! Kuku niliyekubebea nikarudi naye.

Sasa babu yako ametoka hospitali, daktari anasema hakuna dawa tena. Akina mama wale wale wanakuja kumwombea kila siku, wanajaa mpaka kitandani, wanaimba, wanangoja chai. Juzi akaninong'oneza, "Namalwa, nimechoka na watu."

Nikasimama mlangoni nikawaambia, "Leo mmetosha." Mwenyekiti wao akasema nina kiburi kama mjukuu wangu. Aseme. Nikafunga mlango.

Babu alilala mpaka jioni. Njoo umwone wiki hii, na uje peke yako.

Ni mimi kukhu wako,
Namalwa