Sufuria Tano Kwenda Al Thumama

Jumapili, 20 Januari 2013

Vyumba kumi na sita. Ghorofa ya nne yote. Mgeni mmoja ameacha taulo zote zimelowa na ganda la ndizi ndani ya birika la chai. Nimelitoa, nikaendelea. Mgongo unauma.

Nilmini amelia tena bafuni. Anafungua bomba ili nisisikie. Nasikia. Huu mwaka wa nne tunalala chumba kimoja, hapa nyuma ya hoteli, mtaa wa Al Sadd, Doha. Mama yake alifariki Novemba huko kwao Sri Lanka, mji mdogo wa kando ya mto. Nilmini aliomba ruhusa ya kutoka nchini. Kampuni ikasema hoteli imejaa, subiri kidogo. Mama akachomwa moto kwa desturi yao, siku ya saba ikapita, karatasi mpaka leo haijaja. Siwapendi watu wa ofisi ile. Naandika hapa kwa sababu kule siwezi kusema.

Leo kaniambia jambo. Dini yao, ya Buddha, maiti akitimiza miezi mitatu watoto wake wanawalisha watawa, na marehemu anapelekewa thawabu. Kaka yake atafanya kule nyumbani. Yeye anataka kulisha kwa mkono wake. Kuna mtawa mzee anakuja Doha kuwatembelea watu wao. Ijumaa ya tarehe 15 Februari ndiyo siku yake ya mwisho, jioni anapanda ndege. Miezi mitatu inatimia siku hiyohiyo. Akiikosa hiyo, hana nyingine.

Nikamwambia, niachie mimi. Shughuli za Tanga nimepika tangu nina miaka kumi na minne.

Ijumaa, 25 Januari

Nimeingia nyumba ya Buddha. Naandika kwa herufi ndogo, kana kwamba kuna mtu atasoma.

Ni nyumba ya kupanga huko Al Thumama, ya mhasibu mmoja wa kwao. Kwa nje ni kama zote. Ndani sebule wameigeuza hekalu. Sanamu nyeupe, kimo cha mtoto wa miaka mitano. Maua, taa za mafuta, ubani. Watu wote nguo nyeupe. Viatu vinaingizwa ndani visijae mlangoni, na watu wanafika wawili wawili, wasije wakawashtua majirani.

Nilmini alikwenda kuandikisha siku yake. Mimi nilikaa jikoni, karibu na mlango. Niliogopa. Sanamu hainitishi, niliogopa kukutana na Mtanzania mwenzangu akapeleka habari. Nilisoma Ayatul Kursiyu mara tatu kimoyomoyo. Ya nne sikuimaliza, vitunguu vilikuwa vinanukia vizuri mno. Saa tatu asubuhi na wanawake wameshaleta vyakula, vimefunikwa. Nikadhani wana zamu mchana.

Njiani kurudi Nilmini alinisimulia mji wao. Mahekalu yamefuatana kando ya mto, manne, na kila mwezi ukijaa mama yake alikuwa anamshika mkono wanayazunguka yote kwa miguu. Alisimulia mpaka tukafika. Mimi nilikuwa nahesabu sufuria kichwani.

Jumanne, 5 Februari

Wamembadilishia Nilmini zamu. Alhamisi ya tarehe 14 anaingia usiku, anatoka Ijumaa alfajiri. Alikaa kitandani na ratiba mkononi, hata kulia hakulia. Maana yake hawezi kupika.

Nitapika mimi. Yeye atoke kazini aende moja kwa moja kule kufagia na kupanga maua, mimi nitaleta chakula. Ameniandikia orodha: wali, dengu, mbilingani, samaki mkavu wa pilipili manga, na fenesi bichi la mchuzi, kipenzi cha mama yake. Fenesi bichi. Tanga ukilipika hilo watu watakuuliza kama una homa. Limepatikana la kopo.

Gari nimepanga mwenyewe. Baraka, dereva Mkenya anayeishi Industrial Area, Ijumaa anakuwa na gari la kazini kwa ruhusa ya bosi. Nikamwambia saa saba kasoro robo. Kwetu khitma ni hivyo: watu wanakwenda Ijumaa, wakitoka msikitini ndipo sinia zinateremshwa. Chakula kabla ya sala utamlisha nani?

"Sawa madhee," akasema, "hiyo time nitakuwa nimetoka church."

Nina miaka thelathini na minane, naitwa madhee kama mama mzee. Ningekuwa na dereva mwingine ningemjibu.

Alhamisi, 14 Februari

Hoteli imejaa maua ya wapendanao. Nimeokota petali mpaka chini ya vitanda. Nilmini ameondoka kwenda zamu na nguo yake nyeupe ndani ya mfuko, amepiga pasi mara mbili. Mlangoni alinishika mkono, akaniita akka, yaani dada mkubwa. Akasema simu yake itakuwa imezimwa, kule zinakusanywa kapuni.

Nikamwambia usiwe na wasiwasi, chakula kitafika. Nimelowesha dengu. Najisikia kama bibi harusi ni mimi.

Ijumaa, 15 Februari, alasiri

Naandika ili nitulie.

Nilianza kupika baada ya sala ya alfajiri. Saa tatu na nusu sufuria zote tano zilikuwa tayari, zimefungwa kwa vitambaa. Nikaoga. Nikajilaza. Nikajisifu, Mungu anisamehe.

Saa tano kasoro dakika kumi akapita jikoni Sunil wa chumba cha kufulia, naye wa kwao. Akaona sufuria. Akauliza mbona hizi ziko hapa. Nikamwambia gari linakuja saa saba kasoro robo. Akaniangalia kana kwamba nimemwaga uji wa mtoto.

Mtawa wao, akasema, hali kitu jua likishapita utosini. Kabisa. Mpaka kesho yake asubuhi. Na huyu jioni anaondoka.

Nikasimama tu. Jua kupita utosini, si ndiyo adhuhuri yetu? Kalenda ya msikiti iko ukutani palepale: leo adhana saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Miaka minne naiangalia kalenda ile. Jua lao na letu ni moja, na mimi nimepanga chakula baada yake.

Nikampigia Baraka. Imezimwa, yuko kanisani. Nilmini, imezimwa. Namba ya yule mhasibu sina, sikuwahi kuiomba. Sunil akanisaidia kuteremsha sufuria mpaka barabarani, akarudi mbio kazini.

Al Sadd Ijumaa saa tano na robo ni makaburi. Maduka yamefungwa. Teksi ya kwanza ina mtu. Ya pili imepunga mkono tu. Ya tatu dereva kaona sufuria akakanyaga mafuta. Nilisimama pale na baibui langu lina dengu, nikachukia kila mtu, nikaanza na mimi mwenyewe. Niliwaza kumwambia Nilmini nini. Hakukuwa na la kumwambia.

Saa tano na dakika ishirini na mbili ikasimama teksi ya Mpakistani mzee, kavaa kanzu yao ya Ijumaa, ananukia marashi. Akasema kwa Kiarabu cha sokoni, khalas, basi, hapakii mtu, anakwenda kuswali. Nikashika mlango. Nikamwambia Al Thumama nako kuna misikiti. Nikamwambia hii ni sadaka ya maiti, ikichelewa imeharibika.

Akauliza maiti ni nani kwako.

"Mama yangu," nikasema.

Sikupanga. Limetoka lenyewe. Akashuka akapakia sufuria mwenyewe, mbili mbele, tatu nyuma. Njia nzima ananigombeza: sadaka ya mama mtu anaamka nayo alfajiri, haikimbizi kama mwizi. Kila neno lilikuwa haki yangu. Kwenye mzunguko dengu zikamwagika kitini. Akaziona, akaacha kunigombeza, ikawa mbaya zaidi.

Kisha akauliza jina la marehemu, amtaje katika dua Ijumaa hii.

Jina sina. Mama wa Nilmini, ndivyo ninavyomjua. Miezi mitatu namfariji mtu, nimempikia maiti wake sufuria tano, jina sina. Mzee ananitazama kwenye kioo. Nikataja jina la mama yangu mzazi. Mzima. Yuko Tanga.

"Allah yarhamha," akasema. Mungu amrehemu, na mama yangu yu hai.

Tumefika saa sita kasoro dakika ishirini. Mke wa mhasibu alikuwa amesimama nje, jambo wasilolifanya kamwe. Kumbe mzee yule wa Kibudha amekaa na bakuli tupu tangu saa nne. Wanawake wengine wamemletea wali, amekataa. Kasema leo ni siku ya binti aliyefiwa, atangoja mkono wake. Mtu wa miaka karibu themanini. Watu wanaangalia saa, wanamwangalia Nilmini, na yeye kapiga magoti sakafuni hainui kichwa.

Niliingia na sufuria ya fenesi mikononi hadi mbele ya sanamu, sikukumbuka kusoma kitu. Nilmini akaipokea. Hakunitazama. Alipakua kwa haraka, wali ukaanguka mkekani. Mtawa akasubiri, akainama, akala. Taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Nilihesabu matonge. Sita.

La saba lilikuwa mkononi adhana ilipoanza, msikiti wa mtaa wa pili. Akalirudisha bakulini. Akafunika bakuli kwa kiganja.

Adhana inaendelea. Mimi midomo inaitikia yenyewe.

Baadaye walimpa Nilmini birika la maji. Akamimina ndani ya kikombe mpaka kikafurika kwenye sahani, mtawa anasoma, na hivyo ndivyo thawabu inavyokwenda kwa marehemu. Jina la mama yake lilitajwa humo ndani ya maneno yao. Nilitega sikio. Sikulijua lilikuwa lipi.

Nilikuwa bado naosha sufuria kule Baraka alipopiga. "Madhee, niko kwa gate na hakuna mtu."

Nimempigia mama Tanga. Amepokea kwa ukali: mbona wanipigia mchana huu, kuna nini? Nikamwambia nimemkumbuka tu. Ameuliza nimekunywa nini.

Jumamosi, 16 Februari

Nilmini hasemi na mimi. Amerudi jana jioni, amekunja nguo nyeupe, amelala akitazama ukuta. Leo ameniachia chai kwenye meza kama kawaida. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nimeswali rakaa mbili na kuomba yule dereva wa teksi asisikilizwe dua yake. Kisha nikaona vibaya, nikaomba isikilizwe, ila ifike kwa marehemu mwenyewe.

Jumatatu, 18 Februari

Bado. Vyumba kumi na saba. Nimevunja glasi mbili.

Nakasirika sasa. Nilikesha kwa ajili ya nani? Nani alisimama juani na sufuria? Chakula si kimefika, mtawa si amekula? Matonge sita ni matonge sita. Kwetu mtu akikufanyia hivyo unamshukuru, lawama zinakuja baadaye kwa upole, kupitia kwa shangazi.

Nimesoma nilichoandika hapo juu. Uongo. Sikukesha, nililala fofofo.

Alhamisi, 21 Februari

Tumetoka zamu pamoja, saa tisa. Alikaa kitandani kwake anashona kifungo cha sare. Mimi kitandani kwangu. Kiyoyozi kinanguruma.

Kisha akasema bila kuinua uso: "Akka, chakula kilikuwa kizuri. Lakini hukuniuliza."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo tangu Jumamosi, nimeyapanga kama taulo. Sikutoa hata moja. Ni kweli sikuuliza saa. Sikuuliza kwa nini vyakula vinafika asubuhi. Miaka minne mimi ndiye ninayeeleza, yeye anaitikia, nami nilihesabu huo ni urafiki.

Nikamwambia yote, hadi teksi, hadi jina la mama yangu. Aliacha kushona. Nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza mama yake aliitwa nani.

Aliweka sare kando. Kisha akaomba kalamu. Nilimpa daftari hili, sijawahi kumpa mtu. Ameandika hapa juu ya ukurasa kwa herufi zao za mviringo, akanitamkia polepole, nikaandika chini yake kwa herufi zetu: Somawathi. Akanirudisha mara mbili mpaka nikalitamka sawasawa.

Nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Akasema alikuwa mfupi, ana hasira za karibu, na maisha yake yote hakuwahi kuchelewa mahali popote.

Akanitazama. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.