Baba na Betri ya Moyo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kuvimba na ule ukuta wa jiko hapo Kawajense bado umesimama na mvua hizi. Sisi huku Dar es Salaam ni wazima, na Baba ndiye mzima kuliko wote. Kwenye simu tulikuwa tunasikiana nusu nusu, ndiyo maana naandika. Dada Skola akusomee polepole.

Mama, mume wako ni mbishi! Daktari, binti mpole tu, alimweleza kwamba moyo wake unasahau kupiga, ndiyo maana alizimia na kuanguka akitundika mzinga wa nyuki. Dawa peke yake hazitoshi, awekewe betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega. Akampa moja aishike, haifiki hata kiberiti.

Unajua alifanya nini? Akaigonga kwa kucha, akaiweka sikioni, vilevile anavyofanya na mizinga yake. Kisha akairudisha. "Mwanangu, hii tupu. Haivumi. Mzinga usiovuma hauna kitu."

Nilitaka kucheka, lakini hofu ilinibana. Nilishaambiwa pembeni kwamba akianguka tena huenda asiamke. Nikambembeleza, nikamtajia wajukuu, mwisho nikapandisha sauti. Daktari ndiye aliyeninyamazisha. "Kaka, mwache. Kifua ni chake. Hajakataa huyu, hajasikia bado."

Akamwita mama mmoja muuza chapati aliyekuja kliniki, ambaye ameishi na betri hiyo miaka mingi. Yule mama alikubali asikilizwe, na Baba akapewa chombo cha kusikilizia kifua. Akafumba macho. Akasikiliza mpaka muuza chapati akaanza kucheka, na machozi yakamtoka Baba.

"Kumbe ikiwa ndani inavuma!"

"Huo ni moyo wake, mzee," daktari akasema. "Betri inaukumbusha tu."

Nikadhani yameisha. Hapo ndipo akauliza lililokuwa limemkaa rohoni. "Na siku Mungu akiniita? Nyie mtanizika moyo bado unapiga?"

Binti hakucheka. "Hapana, mzee. Betri inabisha hodi. Siku moyo usipoitika, haina la kufanya."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi sawa. Hata mimi natundika mzinga tu, nyuki siwalazimishi. Niwekeeni."

 Aliwekewa akiwa macho, huku akiwasimulia madaktari habari za asali. Kesho yake akanivuta niweke sikio kifuani. Nimeusikia moyo wa baba yangu ukipiga bila kusahau. Mungu ni wa ajabu, na watu aliowapa akili hiyo nao ni wa ajabu.

Mkono wa kushoto haruhusiwi kuuinua juu kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo baba mdogo Anatoli ndiye avune asali, ila mzinga wa kwenye mti wa mninga asiuguse, Baba anautaka mwenyewe. Nilikwambia ni mbishi. Msalimie shangazi Veronika wa Ikola, dagaa wake wanaulizwa hapa kila mlo. Na wewe dada Skola, asante kwa kumsomea mama.

Baba ameniambia siri yako. Tangu aanguke hadi alipokuja huku ulikuwa hulali, unamwekea kiganja kifuani mpaka kunakucha. Akifika nyumbani, kiweke mara moja tu, usikie. Halafu ulale, Mama.

Ni mimi mwanao,
Leonsi