Nati Zilikuwa Hazijakazwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana mtaani kwa jina la Mama Pacha
Umri: miaka 38
Kazi: mshonaji wa mapazia
Makazi: nyumba ya pili kutoka kona ya zahanati, upande wa kushoto

Mimi ni mke wa fundi umeme ambaye mmemweka mahabusu tangu juzi. Nimekuja kwa hiari yangu. Hakuna aliyenituma, na walionikataza ni wengi.

Gari ni la mume wangu na kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Wanalitumia kwa zamu na kila mmoja ana ufunguo wake. Kwa muda mrefu lilikuwa linagonga kila likipita shimo, na usukani unavuta upande. Mume wangu aliniambia ni bushi zimekwisha, ile mipira iliyo kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Shemeji alipoambiwa alisema, "Gari kupiga kelele si ugonjwa."

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Jumamosi, mume wangu aliamua kuzibadilisha mwenyewe uani kwetu. Asubuhi alipandisha gari kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akafungua mikono yote miwili na kuipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kushindilia bushi mpya. Aliporudi alinionyesha bushi za zamani. Zilikuwa zimepasuka kama visigino.

Mchana alirudisha mikono mahali pake na kuzungusha nati kwa vidole tu. Nilimuuliza mbona hakazi. Alinieleza kwamba bushi hazikazwi gari likining'inia, kwa sababu mpira hujisokota na kupasuka upya. Linashushwa kwanza likanyage chini, ndipo nati zinakazwa. Alilishusha. Spana yake ilikuwa inateleza, akaenda kuazima nyingine kwa mchomeleaji. Alipokuwa anatoka alisema, "Mama Pacha, gari hili mtu asiliguse."

Hakuwa amefika mbali shemeji alipoingia na ufunguo mkononi. Nilikuwa naanika nguo. Nilimwambia, "Shemeji, usiliwashe. Nati hazijakazwa."

Alicheka. "Wewe na nati wapi na wapi?"

"Baba Pacha ndiye kasema."

"Baba Pacha nimemfundisha mimi kushika spana. Gari limekanyaga chini, tairi zote zipo. Naenda hapo tu na kurudi."

Aliliwasha, akaanza kulirudisha nyuma kuelekea getini. Nilimfuata nikipiga boneti kwa kiganja na kumwita. Alipandisha kioo.

Mume wangu alirudi na spana. Aliuliza gari liko wapi. Nilimjibu, "Kaka yako." Aliitupa spana chini akakimbia, nami nikamfuata.

Tulilikuta kwenye kona ya zahanati, limeuvaa ukuta. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala ubavu chini ya gari. Kati ya gari na ukuta alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wetu, ambaye alikuwa amekaa nje akimsubiri binti yake. Mama yule ndiye aliyewapokea pacha wangu. Nilimshika mkono. Ulikuwa bado una joto, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, mzima, anapangusa vipande vya kioo kwenye shati.

Jioni mama mkwe alituita sebuleni kwake. Alisema kwamba mkubwa ana cheo kazini na ndiye nguzo ya familia, akifungwa tutaanguka wote. Kwa hiyo mdogo aseme alimwambia kaka yake gari limekwisha kutengenezwa. Shemeji alikuwa anatazama zulia. Mume wangu alikuwa bado ana grisi mikononi. Alijibu, "Sawa, mama."

Nilisema, "Sawa ya nini?"

Mama mkwe alinijibu, "Wewe ni mke. Mambo ya damu tuachie sisi."

Nilimwambia damu iliyomwagika si yao.

Kesho yake mume wangu alikuja hapa kituoni na kusema aliyoagizwa. Leo asubuhi nilimletea chai na kumwambia kwamba nitasema ukweli. Alisema, "Usiniaibishe mbele ya ndugu zangu." Alinirudishia chupa ya chai bila kuifungua.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na shemeji. Sina. Ndiye aliyesimamia harusi yetu, na siku zote akija kwangu nilikuwa nampakulia wa kwanza.

Ameniuliza pia kama naelewa kwamba maneno yangu yanapingana na ya mume wangu. Naelewa. Mume wangu aliifanya kazi yake sawasawa mpaka pale alipoifikisha, na hataki isemwe. Akitoka humu sijui kama atarudi kwangu au atakwenda kwa mama yake.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nami siondoi neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya mpokeaji: Nimeandika kama shahidi alivyotamka, nikamsomea, akakubali. Nilimshauri atumie mlango wa nyuma kwa kuwa mama mkwe na shemeji yake wamekaa benchi la mapokezi. Amekataa, akisema hakuja kuiba. Ametoka kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyemwitikia salamu.