Maneno Mazuri ya Nsimire

Mama Faida,

Ni Jumapili mchana. Majirani wametoka kanisani, wanakaanga vitunguu uani, na mimi naogopa. Naanza na neno hilo makusudi kwa sababu kwako halikuruhusiwa.

Darasa letu la Jumamosi bado lipo. Haji hajatutoa kwenye kile chumba cha juu ya mashine yake ya kusaga mahindi, hapo Kisenyi, na unga bado unapenya kwenye mbao za sakafu mpaka watoto wanatoka na vichwa vyeupe kama wazee. Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayesoma. Sauti yako sina. Ulikuwa ukisema nasoma hadithi kama polisi anayeita majina, na hilo halijabadilika, lakini watoto wanakuja, hata mvua ikinyesha.

Tuko kwenye kitabu kilekile, riwaya yako ya zamani ya watoto iliyopoteza jalada, ya yule yatima anayechungulia kila asubuhi kwenye pipa la maji ya mvua na kujiambia jambo moja zuri kabla ya kwenda kazini. Pipa hukupata, ukaleta beseni. Kila mtoto anainama juu ya maji, anajiona, anasema sentensi moja nzuri inayoanza na "Mimi", sisi tunapiga makofi. Na sheria yako moja: "Kwenye beseni hatulii." Aliyepigwa aseme ni mvumilivu. Aliyelala njaa aseme ni mwepesi wa kukimbia. Nilikuwa nakucheka, nawe ulinijibu kwamba watoto waliovuka mpaka mgongoni mwa mama zao wameshasikia mabaya ya kuwatosha.

Na ilifanya kazi, siwezi kukunyima hilo. Unakumbuka Nsimire alivyokuja, kidevu amekibana kifuani kuficha lile kovu la moto shingoni. Aliinama juu ya beseni wiki baada ya wiki bila kusema kitu, wenzake wanaguna, wewe unasubiri tu. Siku aliposema, "Mimi niko na macho mazuri," ulitoka kwenda kulia kwenye ngazi, ukadai ni unga umekuingia. Sasa ana miaka kumi na tatu na anaongea kuliko wote. Shida ni anachosema.

Jumamosi moja baada ya msiba wako alisema, "Mimi niko na bahati, baba mdogo amenipatia safari." Tukapiga makofi. Iliyofuata akasema, "Mimi ni mtu mzima, hata pasi yangu ya kusafiria inasema." Wenzake wakacheka, tukapiga makofi. Kisha akasema, "Mimi niko na nguvu, sitalia nikifika." Nilipiga makofi hapo pia, Mama Faida.

Baba yake mdogo unamjua, ndiye anayemlea hapa mjini. Alibeba jeneza lako, akalia kuliko ndugu zako. Siku hizi anakuja kumchukua mapema, anakaa kwenye ngazi juu ya gunia, anatusikiliza. Analeta biskuti. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, endelea kumufundisha hivyo hivyo. Mutoto mwenye kuwaza mazuri hasumbuake watu." Akaniomba pia nimsuke Nsimire mtindo wa wanawake wakubwa, kwa ajili ya safari.

Alhamisi Nsimire akaja saluni ninakosuka. Ukimsuka mtu unasimama nyuma yake, hamtazamani, na watu husema mambo. Nilikuwa nimefika kisogoni aliponiuliza kama mtu amenyang'anywa simu anafanyaje ili ajue leo ni siku gani. Nikamuuliza ni nani atakayemnyang'anya simu. Akanieleza bila kusitasita, ameshaelezwa yote: huko Uarabuni atafanya kazi ndani ya nyumba, hatatoka, simu itakaa kwa mwenye nyumba, na uwanja wa ndege akiulizwa aseme yule mwanamke atakayefuatana naye ndiye mama yake mzazi. Akayasema hayo kwa sauti ileile ya kwenye beseni. "Nitajifunza kusubiri," akasema. "Hicho si kitu kizuri, Mwalimu?" Safari ni kesho, Jumatatu.

Nywele zake nilizifumua zote. Nilimwambia uzi umeisha.

Jioni ile nilimkumbuka Solange wetu. Na yeye alisimama kwenye beseni akasema amechaguliwa miongoni mwa wengi kwenda kazi ng'ambo, na wewe ukamshonea gauni la kusafiria. Ulimpigia simu mpaka ikawa haiiti tena. Katika siku zako za mwisho, ukihema kwa shida, ulinishika mkono ukasema, "Mapendo, uangalie mutoto anayefurahi haraka." Nilidhani ni homa, nikakuwekea kitambaa cha maji. Ulikuwa umejua, Mama Faida? Kama ulijua, kwa nini uliniachia neno hilo tu, bila kichwa wala miguu? Nina hasira na wewe. Nimekulilia na nina hasira na wewe, siku hiyohiyo, na sioni la kufanya na hayo mawili.

Ijumaa nilimpigia mama yake kambini, kule Nakivale. Nilitegemea atapiga yowe. Alinishukuru. Nsimire humpigia kila wiki, na kila wiki humwambia kwamba amepata nafasi nzuri, watu wema, nyumba kubwa. Mama akaamini kwa sababu mtoto alikuwa akicheka. Yale tuliyomfundisha kuyasema mbele ya maji alikuwa akiyasema kwa mama yake mzazi, naye mama alikuwa akilala usingizi. Nilipomweleza kuhusu simu, na kuhusu yule mwanamke wa uwanja wa ndege, nikasikia anamwita jirani amwangalizie wadogo, anatafuta viatu vyake. Nauli ilimchelewesha jana; asubuhi hii amepata basi Mbarara.

Jana niliongozana na Haji kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema baba mdogo ndiye mlezi anayejulikana, na sisi wakimbizi tusitafutiane makosa, turudi Jumatatu. Jumatatu! Haji akamjibu maneno ya Kiganda ambayo sikuyaelewa, yule mtu akainamisha macho. Polisi nao wakasema wanamtaka mzazi. Basi mzazi yuko njiani, na mtoto yuko hapa kwangu. Baada ya darasa nilimshusha kwa ngazi ya nyuma, inapopitishiwa magunia, na baba yake mdogo alikuwa bado amekaa kwenye ngazi ya mbele na biskuti zake.

Haji amenipigia sasa hivi. "Nnyabo, bibi, yule bwana amekuja kuulizia unakolala. Mimi sikumwambia. Amekuja na wenzake wawili, na hakukasirika hata kidogo." Afadhali angekasirika.

Kitabu chako sikichomi, usihangaike huko uliko. Bila kitabu hicho Nsimire asingeweza hata kuniuliza lile swali la simu. Lakini nakuahidi hili, ulipende usilipende: darasa likikutana tena, mtoto ataanza na linalomuuma, alie mpaka beseni lijae, na akituletea habari njema hakuna wa kupiga makofi mpaka tumeuliza nani, wapi na kwa nini. Nitawafundisha kujipenda kama ulivyotaka. Nitawafundisha na kukataa. Sauti yangu hii ya polisi huenda itasaidia hapo.

Mama yake ameandika ujumbe: wamepita Lukaya, bado kama saa mbili wafike. Nje kuna gari limesimama na vitunguu vimeacha kukaangwa. Baba yake mdogo anabisha hodi taratibu, kama mgeni wa heshima, na anaita: "Nsimire, mwana wangu, mambo yote iko muzuri. Toka, tuende."

Nimemtazama mtoto. Sikumfundisha la kusema, naapa mbele yako. Ameweka chini kikombe alichoshika, machozi yanamtoka, na amejibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Sitaki."

Kwa muda wote niliomjua sijawahi kumsikia akilisema neno hilo. Nakuaga hapa, Mama Faida, pumzika, mikono yangu inahitajika mlangoni. Mpaka mama yake afike, haendi na mtu.

Mapendo wako