Miguu ya Baba

Shinyanga,
14 Agosti 1978

Kaka yangu mpendwa Cornel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Mtwara, wewe, wifi Justa na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Baba, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilisema tu kwamba Baba ameanguka. Alianguka toka juu ya lori la pamba pale Nyahanga, mbavu nne zikavunjika. Hapa hospitali wakamlaza chumba cha wagonjwa mahututi, mpira wa oksijeni puani, amefumba macho. Ndugu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia. Mama aliniachia mimi, maana yeye akiingia analia tu.

Wiki ya pili niligusa goti lake nikashtuka. Lilikuwa gumu kama mpini wa jembe. Daktari akanieleza kwamba mgonjwa wa namna hii asipofanyiwa mazoezi ya viungo kila siku, kohozi hutuama kifuani na miguu hukakamaa, hata akipona huenda asitembee tena. Kaka, damu ilinichemka. Unanijua, mdomo wangu hauna breki. Siku tatu mfululizo nilisimama mlangoni kwa muuguzi mkuu, Mama Lukresia, nikidai huyo mtaalamu wa mazoezi aletwe. Nilisema mbele ya watu wote kwamba baba yetu ameachwa aoze kwa sababu ni mkulima asiye na wa kumsemea.

Mara ya mwisho Mama Lukresia hakubishana nami. Alifungua faili akaniwekea mbele ya macho. Imeandikwa: "Mazoezi yamekatazwa na binti wa mgonjwa." Nikataka kukana. Hapo akaingia mtaalamu mwenyewe, Bwana Ngassa. Nilipomwona uso, nikakaa chini sakafuni.

Sasa nakuungamia jambo ambalo hata Mama sijamwambia. Siku chache tu baada ya Baba kulazwa, nilimkuta mwanamume mwenye koti jeupe anamnyoosha miguu, anamkunja mikono na kuirudisha ubavuni, kimya kimya. Wewe unajua kwetu anayenyooshwa hivyo ni nani. Babu alipokufa tulimnyoosha kabla hajapoa. Nikadhani wamekwisha kumkatia tamaa, wanamtayarisha. Nilimshika mkono nikamwambia, "Baba yangu hajafa. Usimguse tena." Akajaribu kunieleza, nikamsukuma mpaka nje na kumwapia nesi kwamba mtu huyo akirudi patachimbika. Kumbe ndiye huyo niliyekuja kumdai. Siku kumi na moja Baba hakuguswa, kwa sababu yangu. Nisamehe, kaka.

Bwana Ngassa hakunilaumu. Alinionyesha namna ya kushika kisigino na kusukuma polepole. Leo asubuhi nilimkunja goti mwenyewe, huku machozi yananitoka. Baba akafumbua macho, akanitazama, akasema kwa shida, "Nyoosha tu, mwanangu. Nilikusikia siku ile. Sijafa."

Goti sasa linakunjika nusu. Kama litamalizia, Bwana Ngassa mwenyewe hajui.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Anisia pia. Omba ruhusa kazini, uje. Mimi nimeshika mguu wa kulia. Wa kushoto unakungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Eufrasia